Hamisha Diski Zako Kabla Radi Haijazihamisha

Kisanduku kile cheusi kilichojibanza kando ya ruta, chenye taa za kijani zinazopepesa usiku kucha, ndicho ghala la familia nyingi siku hizi. Mwenye studio ya video mjini Kisii huweka humo harusi za wateja. Mwalimu wa Keroka huweka mitihani na picha za watoto wake. Familia yenye watu Nyamira na wengine Minnesota huweka mazishi ya babu, ile video ndefu yenye hotuba ya kila mjomba na kila mkwe. Kinaitwa NAS: diski mbili au nne ndani ya kompyuta ndogo isiyo na kioo, ambayo simu, runinga na kompyuta zote za nyumbani huifikia kupitia mtandao wa ndani.

Kisha kisanduku kinazeeka. Feni inanguruma, diski zimejaa pomoni, au kampuni imeacha kukitumia masasisho. Unanunua kipya, na hapo ndipo watu huumia. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachoumiza ni haraka, halafu hali ya hewa yetu na stima yetu. Soma vidokezo hivi kabla hujashika bisibisi.

1. Nakili kwanza, hamisha baadaye

Ukisoma kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. Watu wengi wenye diski mbili ndani ya kisanduku hukuambia, "Mimi niko sawa, nina RAID." Huna bakapu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliobuni RAID mwishoni mwa miaka ya 1980 walitaka diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi pamoja, na kazi isisimame moja ikifa. Basi. Ukifuta harusi ya mteja kwa bahati mbaya, RAID inaifuta kwenye diski zote mbili papo hapo, tena kwa uaminifu mkubwa. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Radi ikipiga, imepiga zote.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, nunua diski ya nje ya USB inayotosha data yako yote, inakili, ichomoe, iweke chumba kingine. Ukiona bei ya diski hiyo ni kubwa, mpigie bibi harusi wa mwaka juzi umuulize angelipa ngapi kuirudisha siku yake.

Na tafadhali, kundi la WhatsApp la ukoo si bakapu. Video ikipita pale hubanwa ikapungua ubora, na anayebadilisha simu mara nyingi hupoteza nusu ya yaliyokuwamo.

2. Jua kama diski zako zitakubalika kwenye nyumba mpya

Diski si chombo kitupu cha kutiwa faili tu. Imepangwa kwa mfumo fulani, na visanduku vingi vya NAS hutumia mifumo ya Linux kama ext4 au Btrfs. Ndiyo maana ukiichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows, Windows hukuuliza kama ungependa kuipanga upya. Jibu ni hapana. Wengi wamebonyeza "ndiyo" kwa adabu tu.

Ukihama ndani ya kampuni moja, kutoka Synology kwenda Synology mpya, au QNAP kwenda QNAP, mara nyingi unaweza kuhamisha diski zenyewe: zima, toa, ingiza, washa, na mfumo utatambua kwamba kuna data ya zamani. Lakini angalia kwanza kwenye tovuti ya kampuni kama modeli zako mbili zinaruhusiana. Kuna modeli za bei ya chini zisizokubali Btrfs kabisa, na programu ulizoziweka zinaweza kuhitaji kuwekwa upya ikiwa prosesa ni ya aina nyingine.

Ukibadilisha kampuni, sahau kuhamisha diski. Synology na QNAP haziamkiani hapo. Kisanduku kipya kitataka kuzipanga upya, yaani kuzifuta. Njia ni moja: kisanduku kipya kipate diski zake, kisha faili zivuke kwa waya wa mtandao.

3. Andika namba kwenye diski, leo, kwa kalamu

Chukua utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi. Kata vipande, andika 1, 2, 3, 4, bandika kwenye kila trei kabla ya kuitoa. Kampuni nyingi husisitiza mpangilio ule ule uendelee kwenye kisanduku kipya. Piga pia picha ya ukurasa wa mipangilio: anwani ya kisanduku kwenye mtandao, majina ya watumiaji, folda zinazoshirikiwa na nani. Ukikipa kipya jina na anwani ile ile ya zamani, runinga ya sebuleni na simu ya mama hazitajua kama kuna lililotokea, na hutapigiwa simu za malalamiko.

Kama folda zako zimefungwa kwa ufunguo wa siri, toa nakala ya ufunguo huo na uihifadhi nje ya kisanduku. Bila ufunguo, data yako iko salama kweli kweli, hata dhidi yako mwenyewe.

4. Pima afya kabla ya safari

Diski hujiandikia kumbukumbu za afya yake zinazoitwa SMART. Kisanduku chenyewe huzionyesha; kwenye Windows unaweza kutumia programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tazama mistari mitatu: sekta zilizohamishwa, sekta zinazosubiri, na sekta zisizorekebishika. Zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa zinaongezeka wiki hadi wiki, usiihamishe diski hiyo. Nyonya data iliyomo upesi na uistaafishe. Ukisikia ko-ko-ko, zima sasa hivi. Usiiwashe tena na tena "kuona kama itakubali", kwa maana kila ukiwasha vichwa vyake vinaweza kuzidi kuukwaruza uso wa sahani.

Jambo jingine lisilosemwa dukani: diski mbili ulizonunua siku moja, za toleo moja, zimefanya kazi saa zile zile. Moja ikifa, ya pili nayo si kijana. Na saa ya kuijenga upya RAID ndiyo saa ambayo iliyobaki hukimbizwa kuliko siku zote.

5. Ukinunua diski mpya, uliza kama ni CMR

Mwezi Aprili 2020 ilifichuka kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa ajili ya NAS, zilikuwa za teknolojia ya SMR bila mnunuzi kuambiwa. Katika SMR, njia za kuandikia hulaliana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati la chini, sharti uinue la juu yake. Kwa kuhifadhi picha na kuziacha, haidhuru. Kwa kujenga upya RAID, ni mateso, na wakati mwingine mfumo huichoka diski na kuitupa nje. Siku hizi WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR, yaani njia zake hazilaliani. Muuzaji akikujibu "zote ni sawa, boss", ondoka polepole.

6. Anza alfajiri

Hiki ndicho kidokezo ambacho vitabu vya ng'ambo havitakupa. Mvua ya Gusii ina mazoea yake. Asubuhi jua, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda vilima, na ikifika saa nane au saa tisa mchana wingu limekomaa. Inaanza ngurumo, stima inayumba, inapotea, inarudi, inapotea tena. Kifaa kilicho katikati ya kuandika hakipendi mchezo huo.

Sasa piga hesabu. Kwa waya mzuri wa gigabiti, data huvuka kwa takriban megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti 2 ni kama saa tano. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi, saa tano umemaliza, na chai ya saa nne umekunywa ukitazama asilimia zikipanda. Lakini ukiwa na swichi ya zamani ya megabiti 100, au waya wenye nyuzi mbovu ndani, mzigo ule ule unakula siku mbili nzima: umepitia alasiri mbili, pengine na ngurumo mbili. Kwa Wi-Fi sikushauri hata kidogo. Nunua waya wa Cat 5e au Cat 6 na uviunganishe visanduku vyote viwili kwenye ruta moja yenye matundu ya gigabiti. Hakuna kitu cha bei ndogo kama waya huo kinachookoa muda mwingi hivyo.

Faili ndogo ndogo elfu nyingi huchukua muda mrefu kuliko video chache kubwa, hata ukubwa ukiwa sawa. Picha za shule za miaka kumi zipe nafasi.

7. Radi haiji kwa soketi peke yake

Vilima vyetu vinajulikana kwa radi, na kila mtaa una hadithi ya runinga iliyoungua. Watu wamejifunza kuchomoa plagi ya stima mawingu yakikusanyika. Wanausahau waya wa mtandao.

Ukiwa mjini na faiba, uzi wenyewe ni wa kioo na haupitishi umeme, ingawa kile kifaa cha ukutani kinakula stima na kimeungwa na ruta kwa shaba. Ukiwa kijijini, na intaneti yako inatoka kwenye antena iliyo juu ya paa au dishi la Starlink, ambalo limekuwa likiuzwa Kenya tangu Julai 2023, basi una waya mrefu wa shaba unaoshuka kutoka juu ya nyumba hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye NAS. Radi ikipiga jirani, waya huo ndio barabara yake. Chomoa stima, chomoa na waya wa mtandao. Kisha mwite fundi wa stima apime kama nyumba yako ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi.

Na bakapu yako ya USB? Usiiache imechomekwa kwenye kisanduku siku zote, kwa sababu hiyo hiyo.

8. UPS si anasa

Wakenya wanaikumbuka Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na sehemu nyingi zikalala gizani. Lakini si kukatika kukubwa kunakoua data. Ni kule kudogo kwa sekunde mbili. UPS, yaani betri ya akiba, hata ndogo ya VA 650, inakipa kisanduku cha diski mbili dakika za kutosha kujizima kwa heshima. Hakikisha ina waya wa USB wa kuongea na NAS, ili ikisema "betri inaisha", kisanduku kifunge faili na kulala chenyewe hata wewe ukiwa shambani. Usiifungie na printa ya leza humo humo. Printa hiyo hufyonza umeme mwingi kwa pigo moja.

Betri za UPS hizi huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Chomoa plagi yake ukutani siku moja ya jua uone kama inabeba mzigo. Ikilia mara moja na kuzima kila kitu, hicho ni kiti cha kuwekea maua.

9. Boda boda, matatu na mapaja yako

Diski iliyozimwa huegesha vichwa vyake pembeni na hustahimili mtikisiko kiasi. Inayozunguka haistahimili. Kwa hiyo zima kisanduku kwa njia yake, subiri dakika moja sahani zisimame kabisa, ndipo uchomoe. Kila diski iingie kwenye mfuko wake wa plastiki wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji au nguo nene, kisha sanduku gumu. Gazeti peke yake halitoshi.

Kutoka Kisii hadi Nyamira kwa matatu, ziweke mapajani. Si kwenye keria, si chini ya gunia la ndizi. Kwa boda, vaa begi mgongoni, na mwambie dereva mapema kwamba matuta ya Kebirigo hayana zawadi kwa anayefika wa kwanza. Bakapu isisafiri kwenye begi moja na diski zenyewe. Kifurushi kikiwa kimetoka Nairobi usiku na kimefika baridi na unyevunyevu, kiache kwenye joto la chumba saa chache kabla ya kuwasha, umande ukauke.

10. Kwenye skrini, soma kabla ya kubonyeza

Kisanduku kipya kikigundua diski zenye data, kitakupa njia mbili: kuhamia na kubaki na data, au kuanza upya. Ya pili inafuta. Kama njia ya kuhamia haionekani kabisa, usilazimishe; zima, kagua mpangilio wa diski, kagua kama kisanduku cha zamani kilikuwa na toleo jipya la mfumo kabla hujakizima. Hapa ndipo fundi mwenye haraka ya kwenda kazi nyingine huharibu. Mwambie, "Ndugu, kaa kwanza, nisomee hiyo sentensi kwa sauti."

11. Kwa wapenda kompyuta kuukuu

Mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, zile tunazoziita eksi-UK, hufaa sana kugeuzwa NAS. Ziweke programu ya TrueNAS au OpenMediaVault, zote za bure. Ukitumia ZFS, mfumo mwingine wa kupanga diski, uzuri wake ni kwamba unaweza kuifunga hifadhi rasmi kwenye mashine ya zamani, ukahamisha diski, ukaifungua kwenye mpya bila kujali diski ipi iko tundu gani. Ifunge kwanza, lakini, ndipo uchomoe.

Tahadhari moja: diski zilizotolewa ndani ya makasha ya USB na baadhi ya diski mpya kubwa hukataa kuwaka kwenye pawasaplai za zamani. Hazijafa. Kuna pini ya volti 3.3 kwenye plagi ya SATA ambayo diski mpya huielewa kama amri ya kulala. Adapta ya SATA inayotokana na plagi ya Molex, ambayo haina volti hizo, hulimaliza tatizo. Wako waliouza diski nzima kwa bei ya vyuma kwa kutojua hili.

12. Usikifungulie kisanduku mlango wa dunia

Utataka kuziona picha ukiwa safarini, na ruta itakupa njia rahisi ya kufungua tundu la nje. Acha. Mwezi Juni 2021 wenye visanduku vya WD My Book Live, ambavyo vilikuwa vimeacha kupata masasisho tangu 2015, waliamka wakakuta vimefutwa kutoka mbali. Mwezi Januari 2022 programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilianza kufunga faili za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti na kudai malipo ya bitcoin. Tumia njia ya siri kama Tailscale au WireGuard, badilisha nenosiri la kiwandani, na ukubali masasisho.

13. Nakala ya tatu iende mbali

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliieneza kanuni ya 3-2-1 katika kitabu chake: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Abagusii wana bahati kwenye hiyo ya mwisho, maana karibu kila nyumba ina mtu Nairobi au Minnesota.

Usijaribu kumtumia terabaiti nzima kwa intaneti. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10, hiyo ni zaidi ya siku tisa bila kukatika hata mara moja. Subiri Desemba, binamu akija nyumbani. Mpe diski iliyojazwa na kufungwa kwa nenosiri, aiweke kwenye mkoba wa mkononi. Akifika, aiunganishe kwenye kisanduku kidogo kule, na kuanzia hapo ni faili mpya pekee zitakazovuka usiku, kwa programu kama Syncthing au Hyper Backup. Ukitumia Syncthing, washa kipengele cha kutunza matoleo ya zamani. La sivyo ukifuta huku, Minnesota nako kunafutika.

Asiye na binamu ng'ambo anaye shangazi Manga au Ogembo. Diski moja kwenye kabati lake kavu, mbali na moshi wa jikoni, inayobadilishwa kila unapoenda kusalimia, inatosha.

14. Jaribu kurudisha, kisha ungoje mwezi

Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake pande zote mbili. Fungua video katikati, si mwanzoni tu. Futa picha moja isiyo na maana na uirudishe kutoka kwenye bakapu, uone kama unajua njia. Kwa mwezi mmoja diski za zamani zikae kando, hazijaguswa.

Mwezi ukiisha, ukitaka kuuza kisanduku cha zamani pale mjini, kumbuka kwamba picha za wateja na nakala za vitambulisho zilizomo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kubonyeza "futa" hakuziondoi. Andika juu ya diski nzima kwa programu ya kufutia, au itoboe kwa drili hadi kwenye sahani. Kama huna muda wa yote hayo, uza kisanduku bila diski.